Mbao za kusimama: ninunue futi ngapi?

SWALI: Fundi habari, niko Nyahururu nataka nyumba ya mbao futi 20 kwa 30, ukuta futi 9, mbao zisimame na zile fito za kuziba nyufa. Fundi wa huku ananiambia tu "leta pesa, zitatosha". Zitatosha aje?

JIBU: Mama, huyo usimpe hata thumni kabla hajapiga hesabu. Kuzunguka nyumba ni futi 100, mbao ya saipras ya 8 kwa 1 inakula inchi 8, kwa hivyo ni mbao 150 za futi 9, yaani futi 1,350. Fito za 2 kwa 1 nazo, moja kwa kila ufa, ni futi 1,350 zilezile, na hapo ndio wengi huishiwa maana walizisahau kabisa. Milango na madirisha usitoe kwenye hesabu, iwe ya vipande vya kuharibika. Yadi ya mbao wanauza kwa futi, so zidisha tu na bei ya futi moja.

Shida kubwa ni mbao mbichi, ukipigilia hivyo zinanywea, zinapasuka, na baridi ya usiku inakufuata mpaka kitandani, kwa hivyo zipange kivulini na vijiti katikati wiki kadhaa. Acha mwanya wa nusu inchi kati ya mbao na mbao, mbao ipigwe msumari katikati, na msumari wa fito upite kwenye mwanya, usishike mbao zenyewe.

Kupaka mbao oili chafu ya gari? Rahisi ndio, lakini inanuka na rangi haishiki juu yake. Mimi nyumba ya kulala siipaki.