Kabuti la kikazi: nenda dukani umevaa koti la suti

Kabuti langu la kwanza nililinunua kwa hofu. Nilishuka kwenye ndege saa kumi na moja jioni, giza limeshaingia, baridi imefika nyuzi 7 chini ya sifuri, nami nina sweta tu mwilini. Mkutano ulikuwa kesho yake asubuhi. Nikaingia duka la kwanza nililoliona karibu na hoteli, nikajaribu kabuti la kijivu juu ya lile sweta, likanikaa kama nimeshonewa. Nikalipa. Chumbani nikakata lebo zote.

Asubuhi nikavaa suti, nikachukua kabuti. Mkono wa kwanza uliingia kwa taabu, wa pili ukagoma kwenye kiwiko. Nilipolazimisha, mabega ya koti la suti yakajikunja na vifungo vikakataa kufikia matundu yake. Muda ulikuwa unakwenda. Nikalivua koti la suti, nikavaa kabuti juu ya shati, nikaondoka. Kumbe ofisi za nchi za baridi hupashwa joto hadi nyuzi 20 na zaidi. Wenzangu walitundika makabuti yao, wakabaki na suti nadhifu. Mimi nilijifunga langu saa mbili nzima, jasho likinitiririka mgongoni, maana shati la ndani lilikuwa limekunjamana begini na sikutaka mtu alione. Duka nalo halikukubali kulirudisha: nguo haina kasoro, lebo zimekatwa, nikabaki sina la kusema.

Kwa hiyo ukienda kununua, vaa koti la suti, tena lile nene kuliko yote uliyobeba. Funga vifungo vyote vya kabuti, kisha nyoosha mikono mbele kama mtu aliyeshika usukani. Mgongo ukivutwa, hilo si lako. Ishushe mikono uangalie: mikono ya kabuti inapaswa kufunika ya koti la suti na ya shati pia, la sivyo upepo utaingilia hapo. Mabega ndiyo ya kuyakazia macho. Kufupisha mikono ni kazi ndogo kwa fundi, lakini kurekebisha mabega ni kulifumua kabuti na kulishona upya, na ukiwa safarini kwa siku nne fundi wa kukufanyia hivyo humpati.

Namba za saizi zitakuchanganya. Uingereza na Marekani huhesabu inchi za kifua. Italia na Ujerumani huchukua sentimita za kifua na kuzigawa kwa mbili. Mwenye kifua cha inchi 40 huvaa 40 kule na 50 huku. Anza na saizi yako ya suti, kwa sababu kwa kawaida nafasi ya koti la ndani imeshawekwa. Muuzaji akikuambia upande saizi mbili, mwombe kwanza alete ile yako.

Urefu ufike karibu na magoti, au angalau ufunike koti la suti lote. Najua jaketi fupi lililojazwa manyoya ya bata lina joto zaidi na ni jepesi kubeba. Lakini koti la suti litachungulia kwa chini, na utaonekana umevaa nguo za watu wawili.

Kitambaa kisome kwenye lebo ya ndani. Sufu tupu, yaani manyoya ya kondoo, ni nzuri, na sufu asilimia 80 kwa nailoni asilimia 20 nayo haina ubaya, kwani nailoni huongeza uimara. Sufu hunyonya unyevu mwingi kabla hujauhisi, na theluji kavu ikikuangukia unaikung'uta tu unaendelea. Kashmiri, sufu ya mbuzi, ni laini mno, ila husuguka haraka pale mkanda wa begi unapopita begani. Nikikuta poliesta imetajwa mwanzo, nalirudisha kwenye henga. Rangi: bluu iliyokoza au kijivu cha mkaa, basi.

Kabuti langu la pili, ninalolivaa hadi leo, ni mtumba. Watu wa huko huyavaa makabuti miezi michache tu kwa mwaka, hivyo mazuri hupatikana. Kagua bitana kwenye makwapa, inua kitambaa kwenye mwanga uone kama nondo wametoboa, na usione haya kulinusa.

Ukinunua jipya katika nchi za Umoja wa Ulaya na wewe huishi huko, uliza kuhusu kurudishiwa kodi ya ongezeko la thamani. Duka hukupa fomu ukionyesha pasipoti, na forodha huithibitisha siku ya kuondoka. Usilitie kabuti kwenye mzigo wa chini ya ndege kabla ya hapo, wanaweza kutaka kuliona. England, Scotland na Wales zilifuta utaratibu huo mwaka 2021.

Na jambo ambalo hakuna aliyeniambia: kabuti jipya huja na mpasuo wa nyuma umefungwa kwa uzi wenye umbo la X, ili lisikunjike dukani. Uzi ule hukatwa. Mimi nilitembea nao siku tatu. Asubuhi ya kuondoka, mama mmoja wa mapokezi hotelini akanigusa bega, akatoa kimkasi kwenye droo, akanizungusha, akaukata bila kusema neno, kisha akanipa risiti yangu.