Jibu: Mshahara wa mkurugenzi na madai ya mama

Salaam, ndugu. Umesema mama alikuwa mpishi wa shule chini ya halmashauri ya jiji la Birmingham, Uingereza, na unauliza kama anaweza kudai malipo sawa na ya wanaume kwa kujilinganisha na mkurugenzi mkuu wa halmashauri. Hapo mtagonga mwamba. Sheria inataka mwanamume mwenye kazi ya thamani sawa na yake. Akina mama wa Birmingham walioidai halmashauri hiyo walijilinganisha na wazoa taka na wafagia barabara, waliokuwa wakilipwa bonasi nono.

Kwanza kabisa angalia tarehe aliyoacha kazi. Mahakama ya kazi inampa miezi 6 tangu siku hiyo kufungua madai. Ikipita, ipo mahakama ya kawaida ya madai, miaka 6. Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua hivyo mwaka 2012. Tafuteni hati zake za mshahara, hata zilizofifia wino.

Kama mnataka tu kuuona mshahara wa mkurugenzi, mishahara ya wakubwa imo kwenye hesabu za mwaka za halmashauri. Mimi huruka kurasa zote hadi jedwali la wanaozidi pauni 50,000. Kuanzia 150,000 hutajwa kwa majina. Soma na safu za pensheni na malipo ya kuondoka, mara nyingi utamu uko huko. Ila hiyo ni silaha ya kumbana diwani wenu, si ushahidi wa mama.

Kama chama chake cha wafanyakazi kilishamwingiza kwenye makubaliano na halmashauri ya kumaliza madai haya, sijui. Aulize kabla hajasaini chochote.