Chanjo ya kirusi cha adeno na tiba ya selimundu

SWALI: Daktari, mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari hapa Ukerewe. Mwaka 2021 nilichanjwa chanjo ya UVIKO-19 ya dozi moja, na baadaye nikasoma kwamba ilibeba jeni ndani ya kirusi cha adeno. Je, vinasaba vyangu vilibadilika? Na kama kirusi hicho kinaweza kufikisha jeni ndani ya seli, kwa nini kisitumike kumponya mpwa wangu anayehudhuria kliniki ya selimundu jijini Mwanza?

JIBU: Mwalimu, maswali yako mawili yana jibu moja. Jeni inayobebwa na kirusi cha adeno huingia katika kiini cha seli lakini kwa kawaida haijiungi na kromosomu. Ndiyo maana chanjo haikubadili vinasaba vyako, na ndiyo maana njia hiyohiyo haiwezi kumponya mpwa wako.

Kirusi hiki kilitambuliwa mwaka 1953 na Wallace Rowe na wenzake nchini Marekani, katika tezi za nyuma ya pua ambazo watoto walikuwa wameondolewa kwa upasuaji. Huleta mafua, macho mekundu na kuhara. Gamba lake la protini lina kipenyo cha nanomita 90 hivi, na ndani yake mna DNA ya nyuzi mbili yenye takriban jozi za besi 36,000. Katika kila moja ya pembe zake 12 huchomoza mwiba, ambao ncha yake hunasa protini iliyo juu ya seli. Seli ikishakimeza, gamba huanza kubomoka hatua kwa hatua huku likisafirishwa kuelekea kwenye kiini, na likifika kwenye vitundu vya ukuta wake DNA hupenya ndani.

Watengenezaji wa chanjo huondoa sehemu iitwayo E1, ambayo bila hiyo kirusi hakiwezi kujizalisha mwilini, kisha huweka jeni ya protini wanayotaka kinga iitambue. Kiwandani hukikuza katika seli maalumu zilizopewa E1 hiyo, kwa hiyo kirusi huongezeka humo na si mwilini mwako. Chanjo ya Janssen, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua nayo uchanjaji nchini tarehe 28 Julai 2021, ilikuwa na chembe bilioni 50 za kirusi katika nusu mililita. Ilitumia aina ya 26 ya kirusi cha adeno kwa sababu watu wengi barani Afrika tayari wana kingamwili dhidi ya aina ya 5, na kingamwili hizo zinaweza kukizuia kirusi kabla hakijaingia kwenye seli. Aina hiyohiyo ya 26 imo katika chanjo ya Ebola iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2020, ambayo majaribio yake ya awali yalifanyika pia hapa Mwanza, kupitia NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), na Entebbe ng'ambo ya ziwa. Naona fahari kwamba watu wa mwambao huu walichangia.

Sasa tuje kwa mpwa wako. Chembe nyekundu za damu hazina kiini, na za mgonjwa wa selimundu huishi siku 10 hadi 20 badala ya 120, hivyo kuzirekebisha zenyewe hakusaidii. Anayepaswa kutibiwa ni mama yao, yaani seli shina za uboho, ambazo hugawanyika maisha yote. Seli inapogawanyika hunakili kromosomu zake. DNA ya adeno iliyokaa pembeni hainakiliwi, na baada ya vizazi kadhaa vya seli hupotea. Zaidi ya hayo, kirusi hiki huamsha kinga kwa nguvu. Katika chanjo, jambo hilo ni faida kubwa, lakini katika tiba, kinga hiyo huziua seli zilizopokea jeni na kuifanya dozi ya pili ishindwe kufanya kazi. Hatari yake ilionekana wazi mwaka 1999, pale kijana wa miaka 18, Jesse Gelsinger, alipofariki siku 4 baada ya kuingiziwa kirusi cha adeno kwenye mshipa wa ini katika jaribio la tiba ya jeni nchini Marekani.

Panapohitajika kazi ya muda mfupi, hali ni tofauti. Desemba 2022 Marekani iliidhinisha dawa ya aina mojawapo ya saratani ya kibofu, ambamo kirusi cha adeno hupeleka jeni ya intaferoni, protini inayoamsha kinga, kwenye kuta za kibofu kila baada ya miezi 3.

Tiba za jeni za selimundu zipo. Mbili ziliidhinishwa Marekani Desemba 2023: moja hutumia kirusi cha lenti, ambacho hupachika jeni ndani ya kromosomu, na nyingine huhariri vinasaba kwa mkasi wa Krispa (CRISPR), yaani zana inayokata DNA mahali palipochaguliwa. Zote hutaka seli shina zitolewe, zirekebishwe maabara na kurudishwa baada ya uboho kusafishwa kwa dawa kali. Bei zilizotangazwa ni dola milioni 3.1 na 2.2 kwa mgonjwa mmoja, jambo ambalo kwa kweli linaniumiza.

Kwa leo, muulize daktari wa kliniki kuhusu haidroksiyurea, dawa inayopunguza makali ya selimundu, hakikisha mtoto analala ndani ya chandarua na kumaliza chanjo zake, na akipata homa afikishwe hospitalini hapo Nansio siku hiyohiyo, bila kusubiri meli ya Mwanza.