BLAST imenipa jina la kimeng'enya: je, niliandike?

Swali: Assalaam alaykum mwalimu. Nimetenga bakteria kutoka kwenye mwani wa spinosum ulioanza kuoza, niliopewa na kinamama wakulima wa Paje. Jenomu yake imeshasomwa. Nilichukua mfuatano wa karajinesi ya kapa (kimeng'enya kinachokata karajinani ya kapa, mnyororo wa sukari wa mwani mwekundu) nikautafutia mfano humo kwa BLAST, programu ya kulinganisha mifuatano, ikatoka protini moja inayofanana nao kwa asilimia 36, thamani ya E ni 1e-35. Niandike kwamba bakteria huyu ana karajinesi?

Jibu: Waalaykum salaam mwanangu. Usiandike bado. Thamani hiyo ya E inakwambia kwamba mfanano si wa bahati nasibu, yaani protini hizi mbili zina asili moja. Haikwambii kwamba zinafanya kazi moja. Karajinesi ya kapa imo katika familia ya GH16 (GH ni makundi ya vimeng'enya vinavyokata minyororo ya sukari), na ukoo huo ni mpana: wamo wanaokata agari, wamo wanaokata laminarini, ambazo ni sukari nyingine za mwani. Kwa asilimia 36 hujui umemshika nani.

Igeuze kazi. Chukua protini yako wewe uipeleke Swiss-Prot, hifadhidata ya protini ambako maelezo yamepitiwa na watu. Kwenye hifadhidata kubwa, majina mengi yamewekwa na programu kwa mfanano kama huu wako, kisha yakanakiliwa tena na tena. Na usiishie kwenye jedwali la matokeo, fungua ulinganisho wenyewe. Umeanzia wapi, umekomea wapi? Halafu tafuta herufi hizi kwenye mfuatano wa protini yako: E, moja yoyote, D, mbili zozote, E. Hizo E mbili za pembeni ni asidi glutamiki, na ndizo zinazovunja mnyororo wa sukari. Ikiwa mojawapo haipo, mimi nisingeiita protini hiyo karajinesi, hata thamani ya E ingekuwa ndogo namna gani. Zikiwepo zote, umejua kwamba ni mkataji; anachokata bado, kwani wa agari naye anazo. Hapo chora mti wa nasaba ukiwaweka pamoja na wale waliokwisha kupimwa maabara, na uangalie jeni jirani. Karajinani imebeba salfeti, kwa hiyo ukikuta jeni za salfatesi (vimeng'enya vya kuondoa salfeti) ubavuni, dalili ni nzuri.

Lakini kuna jambo linalonishughulisha zaidi. Spinosum haina karajinani ya kapa ya kutajika. Yake ni iota. Ya kapa ni ya cottonii, mwani mwingine unaolimwa. Na wakataji wa iota wako familia ya GH82, ambayo umbo lake ni jingine kabisa, haina udugu na GH16. Ukiulizia kwa mfuatano wa kapa, hata mwaka mzima, BLAST haitakuonyesha kitu ambacho huenda kimo humo humo kwenye jenomu yako. Chukua karajinesi ya iota ya bakteria wa baharini Zobellia galactanivorans uanze nayo upya. Tumia na tblastn pia, aina ya BLAST inayotafuta protini, maana inasoma DNA yenyewe. Jeni iliyorukwa wakati wa kuorodhesha jeni za jenomu haitakuponyoka. Kisha pitisha programu ya HMMER kwa modeli ya GH82. Modeli hutokana na mifuatano mingi, hivyo huwatambua hata ndugu wa mbali ambao BLAST huwapita.

Wakati kompyuta inafanya kazi, mimina sahani za karajinani ya iota yenye kalsiamu kidogo ili igande, umpande bakteria wako juu yake. Ukiona koloni inadidimia na kuchimba kishimo, niandikie, na uniletee ulinganisho wa GH82 tuutazame pamoja.