Chakula cha shule kianzie mnadani

Swali la wiki: Shule ya msingi ya kutwa, isiyo na mfadhili, itawezaje kuwapa watoto chakula cha mchana mwaka mzima?

Mhariri, kwa vijiji vyetu vya Newala na Tandahimba, mkoani Mtwara, inawezekana kabisa, ila mchango wenyewe unaombwa mwezi mbaya. Kikao cha wazazi huitwa Januari, sare na madaftari yameshamaliza kilichobaki na miezi ya njaa inabisha hodi. Mzazi anaahidi kwa sababu anaona haya kukataa mbele za watu. Ikifika Machi jiko limezima, na mwalimu mkuu anaonekana mkorofi kila akikumbusha. Fedha ya huku huingia Oktoba hadi Desemba, korosho zikishapita mnadani. Basi mkutano uitwe Agosti, kabla hela haijapangiwa kazi nyingine.

Kuna wanaouliza: si elimu ni bila malipo? Ni kweli, tangu Januari 2016 ada na michango ya lazima imeondolewa. Lakini ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na 4,000 kati yake ni za vitabu. Hizo 6,000 zinazobaki, ukizigawa kwa siku 194 za masomo, unapata kama shilingi 31 kwa siku, na humo mna chaki, karatasi za mitihani na ukarabati. Sufuria haiwezi kuinjikwa kwa hela hiyo. Chakula kinabaki kuwa makubaliano ya wazazi: yapite mkutano mkuu wa kijiji, muhtasari uandikwe, na fedha isipite mkononi mwa mwalimu hata siku moja.

Hesabu yenyewe haitishi. Makande ya mtoto mmoja yanataka gramu 120 za mahindi, gramu 30 za mbaazi na gramu 5 za mafuta. Shule ya watoto 300 itapika kilo 36 za mahindi na kilo 9 za mbaazi kwa siku. Kwa siku 194, mtoto mmoja anakula kilo 23 na kidogo za mahindi na karibu kilo 6 za mbaazi. Yaani gunia moja la kilo 100 linalisha watoto wanne mwaka mzima. Mkutano ukisikia hivyo unaelewa haraka kuliko ukitajiwa mamilioni.

Mbaazi zichukuliwe zenyewe, si fedha, zikivunwa Agosti hadi Oktoba, kila familia ipime kwa mizani ya ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Maharage ya kununua ya nini, na mbaazi ziko mlangoni? Mahindi ndiyo ya kununua, maana uwanda wa Makonde haujitoshelezi. Chukueni gharama ya mwaka mzima, mgawanye kwa kilo za korosho zilizouzwa na kijiji, mpate makato ya kila kilo. Tumieni wastani wa misimu mitatu. Ukipiga hesabu kwa msimu mmoja mzuri, halafu ugonjwa wa ubwiri unga ukaunguza maua ya mikorosho mwaka unaofuata, mfuko utakauka Mei. Kila mkulima asaini ridhaa yake. Makato yasiyo na saini ni ugomvi. Bibi anayelea wajukuu wanne na hana mkorosho hata mmoja alete kuni au maji, na hilo liandikwe kwenye daftari kama mchango kamili.

Msinunue mahindi yote kwa mkupuo. Watoto 300 wanataka magunia kama 70 kwa mwaka: Desemba nunueni 35 ya kufikisha Juni. Nusu ya pili ingojee Julai, mahindi mapya ya Ruvuma yakiwa sokoni kwa bei nafuu.

Mpango mwingi hufia stoo. Kabla ya kupokea gunia, chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia punje hadi robo, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funika, tikisa dakika moja, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi: yarudi juani. Ikidondoka yote chini, yanafaa. Mahindi yenye unyevu huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu ambayo haiondoki kwa kuchemsha hata ukipika kutwa. Punje zilizovunjika au kubadilika rangi zichambuliwe zitupwe. Hifadhini kwenye mifuko ya kinga njaa, ile yenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya kiroba: kila mmoja ukamuliwe hewa na kufungwa peke yake, dumuzi afe kwa kukosa hewa. Mifuko ikae juu ya vichanja, mbali na ukuta. Ukifunguliwa mmoja umalizwe kwanza. Kwa watoto 300 hauvuki siku tatu.

Kuhusu kupika, loweka mahindi na mbaazi tangu jioni, kuni zitapungua sana. Maji ni ndoo nane hadi kumi za lita 20, mbali na ya kunawa. Yasichotwe na watoto saa za masomo.

Lipo jambo moja linaloniuma. Shule nyingi hupikia darasa la nne na la saba tu kwa sababu ya mitihani. Lakini wa darasa la kwanza ndiye anayeanza kusoma na kuandika, ana miguu mifupi, na njia ni ileile. Akisinzia leo kwa njaa, la nne atafika hajui kusoma, na sahani ya mwaka huo haitamrudishia herufi. Wala mtoto asinyimwe kwa deni la mzazi wake. Kama mfuko hautoshi makande, pikeni uji kwa wote kuanzia awali: gramu 40 za unga kwa mtoto, kilo 12 kwa watoto 300, unywewe saa nne asubuhi.

Msomaji, Newala