Kabla ya Kubishana Kama Ndege Itapaa

Kati ya mafumbo ya fizikia yanayowasha mabishano ya utani baina ya marafiki, ninalipenda zaidi lile la ndege iliyowekwa juu ya mkanda mrefu unaokimbia kuelekea nyuma yake. Mkanda ukirudi nyuma kwa kasi ileile ambayo ndege inakwenda mbele, je, ndege itapaa? Nimeshiriki ubishi huu mara nyingi na kwa furaha kubwa, na ushauri wangu kwa anayetaka umfae ni kwamba asikimbilie kujibu, bali kwanza awatake wenzake waseme wazi kasi inayozungumzwa ni ya kitu gani.

Ikiwa ni kasi ya ndege yenyewe ikipimwa kwa ardhi isiyosogea, ndege itapaa. Gari huendeshwa na magurudumu yake, lakini injini ya ndege husukuma hewa nyuma, nayo hewa, kwa kanuni ya tatu ya Newton, huisukuma ndege mbele. Magurudumu hayana uhusiano na injini, yanajizungukia tu. Ndege inayohitaji kilomita 270 kwa saa ili kupaa itaifikia kasi hiyo, huku magurudumu yakizunguka kana kwamba inakwenda kilomita 540. Mwaka 2008 kipindi cha televisheni cha Marekani, MythBusters, kilijaribu jambo hili kwa ndege ndogo halisi juu ya turubai refu lililovutwa kinyume, na ndege ikapaa.

Asiyeridhika na maelezo mpe kigari cha kuchezea juu ya karatasi, akizuie kwa uzi kisha aivute karatasi kwa nguvu. Magurudumu yatazunguka kwa kasi, lakini uzi utavutwa kidogo mno, na mvuto huo mdogo ndio msuguano wote ambao injini inapaswa kuushinda.

Wapo wanaosema mkanda ulingane na kasi ya magurudumu, na hawa wasidharauliwe. Gurudumu lisiloteleza huzunguka kwa kasi ya mkanda kujumlisha kasi ya ndege, kwa hiyo sharti lao hutimia pale tu ndege inapokuwa imesimama. Swali limeshaamua jibu, bila kueleza ni nguvu gani inayoizuia ndege isisogee.

Ukimaliza hapo, usilihamishie jibu la ndege kwenye helikopta iliyowekwa juu ya jukwaa linalozunguka. Mapanga ya helikopta huzungushwa na injini iliyofungwa kwenye mwili wake, na mwili umekaa juu ya jukwaa. Jukwaa likizunguka kinyume cha mapanga kwa idadi ileile ya mizunguko kwa dakika, mapanga yatakuwa yamesimama tuli hewani, wala hayatainua chochote mpaka injini iongeze mizunguko. Likizunguka upande uleule, mizunguko hujumlishwa, na helikopta inaweza kuinuka hata kabla injini haijafikia mizunguko yake ya kawaida.