Ukitafuta Hadithi za Pangani, Anzia kwenye Mtumbwi

Siku ya kwanza nilikwenda kwa mzee mmoja wa Pangani mjini, pwani ya Tanga, nikiwa na daftari jipya, simu imejaa chaji, na maswali kumi na mawili niliyoyaandika kwa wino mwekundu. Nikamwamkia, nikakaribishwa jamvini, nikapewa kahawa. Kisha nikasema, "Babu, naomba unieleze historia ya Abushiri, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani." Mzee akanitazama kidogo, akaanza: 1888, Wajerumani, Sultani, bendera. Ilikuwa neno kwa neno kama kitabu changu cha shule. Alipomaliza akacheka. "Si ndivyo mlivyofundishwa? Basi hayo unayajua, mjukuu wangu. Kunywa kahawa."

Kosa lilikuwa langu. Mtu mzima akisikia neno "historia" kutoka kwa kijana mwenye daftari, anarudi darasani. Anakupa kile anachodhani umekifuata.

Kesho yake nilikuwa Bweni, ng'ambo ya mto, nikisubiri kivuko. Daraja lilikuwa bado linajengwa wakati huo. Kando yangu alikaa mzee mwingine akishona jarife, wavu wa kuvulia, nami daftari nilikuwa nimeliacha kwa mama mkubwa kwa hasira. Nikamwuliza tu, kupoteza muda, majahazi yalikuwa yakitia nanga wapi enzi za ujana wake. Lo! Kivuko kilikuja, kikaondoka, kikarudi tena, sisi tupo palepale. Akanieleza kuwa mdomoni mwa mto kuna fungu la mchanga lisilotulia, leo liko hapa, mwakani limehamia kule. Jahazi lenye shehena lilingoja bamvua, maji yakijaa sana, ndipo liingie. Siku za maji mafu, yasipojaa vya kutosha, mabaharia walipika na kulala nje, wakiutazama mji kwa macho.

Usiku ule nikapata jibu la swali lililonisumbua miaka mingi: kwa nini Pangani, iliyotajirika kwa pembe za ndovu, sukari na biashara ya watumwa katika karne ya 19, leo ni mji wa kusinzia, huku Tanga ikiwa jiji. Meli za moshi hazina subira ya kungoja bamvua. Tanga ina bandari yenye kina, na Wajerumani walipoanza kujenga reli mwaka 1893, waliianzia huko. Mzee wangu hakutaja reli hata mara moja. Alikuwa anazungumzia mchanga.

Kwa hiyo uliza kitu kinachoshikika. Uliza mtumbwi, kisima, mwembe uliokatwa, mlango wa nakshi uliouzwa. Wapi mlinunua chumvi? Nani alikuwa na baiskeli ya kwanza mtaani?

Na vuka mto. Wageni wengi huishia upande wa mjini, penye Boma la zamani na nyumba za kupigia picha. Lakini ni upande wa kusini wa mto, kwenye shamba la Kikogwe, ambako mkonge ulipandwa kwa mara ya kwanza nchini, mwaka uleule wa 1893. Mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida ikapitia Hamburg. Iliyofika hai ni 62. Sitini na miwili! Ungeweza kuipanda yote kwenye ua wa nyumba moja. Humo ndimo yalimotoka mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa jina kubwa duniani kwa mkonge, na humo ndimo watu wa Bweni walimopata, na kupoteza, kazi za vizazi vitatu.

Kuhusu miaka, usimbane mtu. "Ilikuwa mwaka gani?" ni swali la polisi. Wazee huhesabu kwa matukio: kabla ya Uhuru, wakati wa Mapinduzi ya Unguja, mashamba ya mkonge yalipotaifishwa, tulipohamishiwa vijijini. Bibi mmoja aliniambia aliolewa "mashamba bado ya wazungu." Nikajua ni kabla ya 1967 au hapo hapo, na heshima yake ikabaki.

Majina ya utani nayo usiyapite. Emil von Zelewski, aliyekuwa mtu wa kampuni ya Wajerumani hapo Pangani mwaka 1888, watu wa pwani walimwita Nyundo. Jina hilo moja linakueleza alivyoingia mjini kuliko kurasa kumi. Mji ulipochafuka aliokolewa na Mathews, kamanda wa jeshi la Sultani wa Zanzibar, akapelekwa Unguja. Miaka mitatu baadaye Wahehe wa Mkwawa walimwua huko Lugalo, Iringa. Abushiri mwenyewe alinyongwa hapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Ukitaka kuisikia vita ile kwa sauti ya upande wetu, tafuta utenzi wa Hemedi bin Abdallah el Buhriy, aliyeutunga vita ikiwa bado ya moto. Kisha rudi kwa wazee na beti mbili tatu mdomoni. Wapo watakaokusahihisha namna ya kuzighani, na hapo mazungumzo yameanza.

Utakutana pia na hadithi usizoweza kuzithibitisha. Maarufu ni ile ya Boma, kwamba watumwa walizikwa hai chini ya nguzo zake ili jengo liwe imara. Mimi mara ya kwanza niliiandika kama jambo lililotokea. Mzee wa kahawa alinisomea maandishi yangu kwa sauti, polepole, halafu akauliza, "Wewe ulikuwepo?" Siku hizi naandika "husimuliwa kwamba." Sijaifuta. Mji unaosimulia hadithi kama hiyo juu ya jengo lake kubwa kuliko yote unakumbuka jambo fulani, hata kama nguzo hazina mifupa.

Hapo ndipo penye ugumu wenyewe. Mashamba ya miwa kandokando ya mto yalilimwa na watumwa, na wajukuu wa pande zote mbili bado wanasalimiana sokoni, wanaoana, wanazikana. Usimwulize mtu kamwe kama babu yake alikuwa mtumwa. Usiulize hata kwa kuzunguka, maana watajua. Likija, lije lenyewe.

Kwangu lilikuja nikimenya muhogo na bibi mmoja jirani wa mama mkubwa. Alikuwa akinisimulia shamba moja la juu mtoni, nani alilima na nani alisimamia, majina anayataja moja moja, na katikati ya majina likapita la ukoo wake. Kisu kikasimama. Akatazama simu yangu iliyokuwa juu ya kinu, ikirekodi kwa ruhusa yake. "Hilo usiandike."

Nikaizima, nikafuta rekodi nzima mbele yake.

Mpaka leo nikipita mlangoni kwake hunisimamisha.

"Umeandika?"

"Hapana, bibi."

"Haya. Ingia ule."